Mtembezi Hula Miguu Yake

Wanangu na wajukuu zangu wa Shella, na ninyi wageni vijana mnaoshuka Malindi na mabegi mgongoni, nawapa nasaha. Shella ninayoisema ni hii yetu ya Malindi, mtaa wa kale ulio nyuma ya gati na soko la samaki; siisemi ile Shela ya Lamu. Humu nimezaliwa, humu nimepika na kuuza mahamri kibarazani, na wanangu wamesoma kwa pesa ya karai. Nikizungumza juu ya chakula cha mtaa huu, nazungumza juu ya kitu kilichotulisha kinywa na kikatuvika nguo.

Nimewaona mkipita. Siku hizi vijana mmependa kuutembea mji kwa miguu, bila kiongozi, mkionja hiki na kile njiani. Ni jambo jema, nami nalifurahia, maana mji wa vichochoro haujulikani kwa kupita na tuktuk. Lakini nawaona na saa mnazopita: saa saba mchana, jua la utosi, simu mkononi, macho kwenye mshale wa ramani. Mnapita mlango baada ya mlango, yote imefungwa. Mnatokea barabara kuu, mnanunua chipsi na soda, kisha mnakwenda kusema kwamba Shella hakuna chakula. Wazee walisema mtembezi hula miguu yake, na hivyo ndivyo mnavyokula: mnarudi nyumbani na uchovu tu.

Chakula kipo, ila mmekipita. Na hofu yangu ni kwamba chakula kinachopitwa kila siku mwishowe hakipikwi tena. Basi shikeni neno langu hili moja, mengine yote ni ufafanuzi wake: Shella huliwa kwa saa yake, kwa mlango wake na kwa salamu. Asiyeyajua matatu hayo atashiba kwingine, na mpishi wetu atazima moto.

Anzeni na saa. Siku ya Shella huanza kabla ya jua. Watu wakitoka msikitini kuswali alfajiri, mafuta yameshapata moto. Unga wa mahamri umekandwa usiku kwa tui, sukari, iliki na hamira, ukafunikwa ukalala hadi ukaumuka. Simameni mtazame, kwa mbali na kwa adabu. Mpishi hutanua donge likawa duara, hulikata vipande vinne, hutumbukiza kimoja kwenye karai. Kipande huzama, huibuka, naye hukimwagia mafuta ya moto juu kwa upawa mpaka kikafura chote. Hamri la haki likipasuliwa huwa na uwazi ndani na harufu ya iliki hutoka na mvuke. Lisilofura huwekwa kando kwa watoto wa nyumbani, haliuzwi.

Pembeni kuna sufuria ya mbaazi. Zimelowekwa, zimechemshwa mpaka zikaiva kabisa, zikatiwa tui jepesi zikapikika nalo. Tui zito huja mwisho, na hapo mpishi haondoki jikoni. Moto hupunguzwa, mwiko hupita polepole upande mmoja, maana tui likiachwa lichemke kwa fujo hukatika, na mbaazi za tui lililokatika hazina mteja. Kazi yote hiyo huuzwa kwa shilingi chache tu, na kufikia saa mbili na nusu au saa tatu sinia ni tupu. Kijana anayeamka saa nne kisha akalalamika kwamba hakukuta kitu amejilalamikia mwenyewe.

Mkishakula, teremkeni hadi ufukweni mtazame mashua na ngalawa zikirudi. Hapo mtajifunza saa nyingine kubwa zaidi, saa ya mwaka. Kaskazi ikivuma, kuanzia karibu Novemba hadi Machi, bahari hutulia, na jodari, nguru na kolekole hupatikana kwa wingi. Kusi ikishika, bahari huchafuka, na mvua zikinyesha bara mto Sabaki huteremsha maji ya udongo yakageuza ghuba yetu rangi. Vyombo vingi hukaa pwani siku hizo, na samaki mbichi huwa ghali. Hapo ndipo jikoni huingia ng'onda, papa mkavu, kunde na mbaazi. Anayekuja mwezi wa Juni akadai samaki mkubwa wa kuchoma kwa bei ya Januari hajui yuko wapi.

Kukausha samaki na kumtia chumvi si ufundi wa juzi. Mwanajiografia Al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1154, aliwataja watu wa Malindi kuwa ni wavuvi wanaotia samaki chumvi na kuwauza. Mkipita kando ya kibanda cha ng'onda mkaziba pua, kumbukeni kwamba mnaizibia pua biashara yenye umri wa karibu miaka 900 katika mji huu.

Na hapo sokoni nawaonya kwa ukali. Si kila kinachotoka baharini huliwa. Bunju ana sumu iuayo, na kumla kwa ujasiri wa vijana ni kujitakia mauti. Kasa naye msimguse. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inamlinda, na nyama yake huweza kuua bila dalili yoyote sufuriani. Mwezi wa Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa. Mkiletewa kipande cha nyama msichokijua, ulizeni jina lake, na anayesitasita kulitaja mwacheni na kipande chake.

Mchana Shella hufunga milango. Wali wa nazi na samaki wa kupaka huliwa ndani, familia kwenye mkeka, kisha watu hulala. Msibishe hodi saa hiyo. Saa za jua ni za mawe, basi nendeni mkayatazame mawe. Yapo makaburi mawili ya kale ya nguzo kando ya Msikiti wa Juma. Ipo Nyumba ya Nguzo, ambayo sasa ni makumbusho. Mkifuata pwani kuelekea kusini mtafika kanisa dogo la Wareno, kisha mnara wa Vasco da Gama juu ya mwamba, na msalaba wake wa jiwe lililotoka Lisbon.

Watu wengi hupiga picha pale mnarani kisha wakaondoka. Ninyi kaeni kidogo mfikiri. Mreno Vasco da Gama alipofika hapa mwezi wa Aprili 1498, mfalme wa Malindi alimpelekea kondoo 6, pamoja na karafuu, bizari nyembamba, tangawizi, kungumanga na pilipili manga. Hayo yameandikwa katika kumbukumbu za safari yenyewe. Tazameni orodha hiyo vizuri: ukiongeza mchele, vitunguu na samli, una biriani ya harusi. Viungo alivyopewa mgeni yule ndivyo vilivyomo katika makopo ya mama zenu hadi leo.

Na bahari haikuleta kwa upande mmoja. Muhogo, mahindi na pilipili kali asili yake ni Amerika, na vilivuka Atlantiki kuja Afrika katika enzi hizo za Wareno. Jioni mkinunua muhogo wa kukaanga uliopasuliwa katikati ukatiwa pilipili na ndimu, mnakula historia ile ile iliyosimamisha mnara, na ninyi mnailipia vizuri zaidi kuliko kwa picha.

Jua likipoa, baada ya swala ya alasiri, mtaa huamka mara ya pili. Meza ndogo hutolewa vibarazani: viazi karai na ukwaju wake, bajia, katlesi, sambusa, kachri, achari ya maembe, mabuyu ya watoto. Muuza kahawa hupita na dele lake la shaba likiwa juu ya makaa, akigonganisha vikombe ili mjue yuko karibu. Kahawa chungu hunywewa na tende au kashata, kwa vikombe vidogo, watu wakiwa wameketi barazani. Mkiiagiza mkaondoka nayo mkikimbilia mbele, mmenunua maji ya moto tu, kwa sababu kilichouzwa pale ni kikao.

Usiku huwa na mishikaki, mkate wa sinia, mkate wa kumimina, na kwa mwenye bahati, mkate wa mofa. Huu wa mofa nauombea maisha. Asili yake ni unga wa mtama, huokwa kwenye tanuri ya udongo inayoitwa kwa jina hilo hilo. Malindi ilikuwa nchi ya mtama. Baada ya Wareno kuhamia Mombasa mwaka 1593 mji ulidhoofika hadi ukabaki magofu, na ulipoanzishwa upya mwaka 1861 chini ya Sultani wa Zanzibar, mashamba ya mtama na ufuta yalienea mpaka nafaka yake ikasafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria pwani hii hadi mwaka 1907. Mkiupata mkate wa mofa, ukumbukeni na mkono uliopalilia mtama ule bila ujira. Utamu wa pwani una jasho la watu ambao majina yao hayakuandikwa kwenye jiwe lolote, na kulisahau hilo ni dhuluma ya pili.

Sasa nakuja kwenye mlango. Chakula chetu kingi hakina duka. Hakina bango, hakina nyota za kwenye simu, na mpishi wake hajawahi kuombwa maoni na mtu. Huuzwa na mama mwenye nyumba, kwenye dirisha au kizingiti, na mtaa mzima unamjua. Ramani haimjui na haitamjua. Kumpata ni rahisi: mfuateni mtoto aliyetumwa na bakuli. Au muulizeni mzee yeyote aliyeketi barazani, "Mama wa viazi ni wapi?" Kuuliza si ujinga, na kwetu ni heshima, kwa sababu anayeulizwa amefanywa mwenyeji.

Mmoja aliyewatangulia katika utembezi huu ni msafiri Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331. Huko Mogadishu alikaa siku tatu akiletewa chakula na wenyeji kama ilivyokuwa desturi, naye akaandika alicholishwa: wali wa samli na michuzi juu yake, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu za achari, tangawizi mbichi na maembe. Miaka karibu 700 imepita, na meza ile tunaijua kwa sababu mgeni yule aliketi, akala alichopewa kwa namna alivyopewa. Angepita na haraka zenu tusingejua lolote.

Mlango huo una watu wengi nyuma yake. Nazi mnayoila kwenye mbaazi na mboga ya mchunga inayouzwa kwa mafungu huletwa na mama wa Kigiriama kutoka mashambani, aliyeamka mapema kuliko mpishi. Samaki ameletwa na mvuvi, ambaye pengine ni Mbajuni ambaye wazee wake walikimbilia Malindi wakati wa vita vya Shifta miaka ya 1960. Pengine babu wa muuza kahawa alitoka Hadhramaut. Anayekula Shella kisha akamdharau mmoja wa hawa amekula cha mtu huku akimtukana.

Tatu ni salamu, na hapa vijana mmepungukiwa sana. Mkifika, tangulizeni salamu kabla ya bei. Mwenye umri wa mama yenu mpeni shikamoo yake. Msipige picha ya mwanamke jikoni kwake bila ridhaa yake, na akikataa msimbembeleze, maana baadhi yetu hatutaki nyuso zetu zitembee duniani. Kuleni kwa mkono wa kulia. Mwezi wa Ramadhani mchana msile mkitembea vichochoroni. Ngojeni magharibi, na huenda mkakaribishwa futari msiyoitegemea, ya kaimati, tambi na uji. Chukueni bakuli na kikapu chenu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na anayekuja mikono mitupu humtia mpishi gharama ya karatasi.

Na msipunguze bei ya hamri. Nalisema hili kwa uchungu. Nimemwona kijana aliyevaa saa ya thamani akibishana na mjane juu ya shilingi tano, kisha jioni akalipa soda mara tatu ya bei yake kwenye mkahawa wa baharini bila kuuliza. Bei ya kibarazani huwekwa na mtu anayejua jirani yake ana nini mfukoni. Ina huruma ndani yake tayari, na mkiikata mnaikata huruma hiyo.

Ninyi mnaoongoza wageni nawahusia peke yenu. Msimpeleke mgeni kwa mama wa karai mkamdai mama huyo kamisheni. Faida yake haitoshi hata kuni. Mwambieni siku moja kabla kwamba mnakuja na watu wangapi, na wawe wachache, kwa sababu kundi kubwa kichochoroni humfanya mteja wa kila siku akose staftahi yake. Mteja huyo ndiye anayeuweka moto ule hai siku mvua inaponyesha na wageni hawapo. Mgeni akimaliza, alipe yeye mwenyewe mkononi mwa mpishi.

Huenda mkasema, nyanya, dunia imebadilika, watu wanataka piza. Mimi sina ugomvi na piza. Waitaliano walianza kuja kwetu kwa wingi katika zama za kituo cha San Marco kule Ngomeni, kilichokuwa kikirusha satelaiti kutoka baharini tangu mwaka 1967, na baadaye wakaja watalii wao, wakafungua mikahawa. Lakini watazameni kwa makini. Wamekaa Malindi miaka mingi, na tambi zao wanazipika kama za kwao, aiskrimu yao wanaitengeneza kama ya kwao, na watoto wao wanaijua. Wao waliovuka bahari hawakuacha jiko lao. Sisi tulio nyumbani ndio tunaoliacha. Jambo hilo nawaomba mlionee haya, kisha mlifanyie kazi.

Chakula hufa kwa njia nyepesi sana. Haihitaji amri wala adui. Mama hukaanga, wanunuzi hupungua, siku ya tatu hutupa kilichobaki, mwezi wa pili huuza karai. Binti yake, aliyekuwa akikaa kando akitazama tui linavyoangaliwa moto, hapati tena cha kutazama. Baada ya hapo mnaweza kuandika kitabu cha mapishi chenye vipimo vyote, na bado hakuna mkono unaojua ni lini hasa moto upunguzwe. Elimu hii hukaa mkononi na hupokelewa mkononi, na inaishi maadamu kuna mnunuzi mlangoni kila alfajiri.

Wala wavulana msidhani hili ni la dada zenu. Biriani ya harusi pwani hii hupikwa na wanaume, kwa masufuria makubwa, usiku kucha, na mpishi mkuu huheshimiwa na mtaa mzima. Kijana anayejua kupika pilau ya watu 300 hana sababu ya kukaa maskani akingoja kazi ya bahati.

Basi yafanyeni haya, na muanze kesho. Mwenye kuishi Shella achague nyumba moja anunue staftahi hapo kila wiki, wakati wa wageni na wakati wa kusi. Achague chakula kimoja, mofa au mbaazi au achari, aombe kufundishwa, na akubali kukuna nazi na kuosha sufuria kabla ya kuruhusiwa kushika mwiko. Mgeni naye aamke mapema, aache simu mfukoni, asalimie, alipe bei kamili, na akirudi kwao aseme alikula kwa nani, kama mwenyewe ameridhia kutajwa.

Mungu awape miguu yenye subira na riziki ya halali. Awabariki wanaotulisha kabla ya jua kutoka, na awafanye ninyi kuwa wateja wao, kisha wanafunzi wao, kisha warithi wao. Amin.